Uteuzi wa Vipuri vya Kompyuta ya Msanidi Programu: Mazingira ya Kariobangi, Nairobi

Utangulizi

Jina la Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi, limefungamana na chuma kwa muda mrefu. Katika eneo liitwalo Light Industries, karibu na barabara ya Outer Ring, mafundi hukata mabati, huyakunja, huyachomelea na kuyapiga rangi. Humo hutoka mashine za kuchanganya chakula cha mifugo, milango, majiko na vipuri vya magari. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ilisaidia kueneza jina la "sekta isiyo rasmi" kwa kazi za aina hii. Wenyeji, kwa ufasaha zaidi, waliziita jua kali.

Katika mitaa hiyo hiyo siku hizi wamo vijana ambao malighafi yao si chuma bali msimbo. Huandika programu za simu, tovuti na mifumo ya malipo kwa wateja ambao aghalabu hawaonani nao ana kwa ana. Karakana yao ni chumba cha kupanga, na chombo chao cha kazi ni kompyuta moja. Chombo hicho kikilala, mwenyewe naye hulala njaa.

Makala haya yanafafanua jinsi chombo hicho kinavyoteuliwa, kipuri kwa kipuri, na mtu anayetaka mashine ya kiwango cha juu ilhali fedha zake zimekusanywa kwa chama au kwa mkopo wa SACCO. Mtu huyu hana nafasi ya kununua mara mbili. Kwa sababu hiyo, swali lake halifanani na la mnunuzi wa London au Chicago ambaye kipuri kibaya hukirudisha dukani wiki hiyo hiyo akapewa kingine.

Neno moja kuhusu istilahi. Mwanafunzi wa Kenya amefundishwa tarakilishi, na wa Tanzania huenda aliwahi kukutana na ngamizi, lakini sokoni kompyuta limewashinda ndugu zake wote wawili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kuandaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi ilihusu maneno yanayoonekana kwenye kioo. Vyuma vilivyomo ndani ya kasha vilibaki na majina ya dukani. Hapa patatumika bodi mama, kichakataji, kumbukumbu na kadi ya michoro. Lakini pale ambapo msamiati wa duka umekwisha kuota mizizi, kama vile RAM, SSD, UPS na pawa saplai, hapana haja ya kuupinga. Mnunuzi atakayeingia duka la Luthuli Avenue na kuomba "kigawa-nishati" atatazamwa tu.

Kazi ndiyo huamua kifaa

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuanza na jina la kichakataji kabla ya kujiuliza mashine itafanya nini. Msanidi programu hafanyi kazi moja. Sehemu kubwa ya siku yake huipitisha akisoma na kuandika, na kwa kazi hiyo hata kompyuta ya miaka kumi iliyopita inatosha. Uzito huja anapokompaili, yaani anapoigeuza programu kutoka lugha anayoiandika binadamu hadi lugha ya mashine. Anapowasha kiigizo cha simu ili aijaribu kazi yake. Au anapoendesha hifadhidata na huduma kadhaa kwa wakati mmoja. Muda huo wa kungoja ndio anaoununua.

Mfano mzuri ni Android, mfumo unaoendesha simu nyingi za Wakenya. Mwongozo wa Google kwa wanaotaka kuujenga mfumo huo mzima kutoka msimbo wake huagiza kumbukumbu isiyopungua GB 64 na nafasi ya GB 400 katika diski. Mwongozo huo hueleza kuwa mashine za viini 72 hukamilisha kazi kwa takriban dakika 40, ilhali mashine ya viini 6 yenye kumbukumbu iyo hiyo huchukua muda wa saa 6 hivi. Msomaji apige hesabu: viini vimezidishwa mara 12, lakini kasi imeongezeka mara 9 tu. Hizo nyingine zimekwenda wapi?

Jibu lilitolewa mwaka 1967 na mhandisi Gene Amdahl. Katika kila kazi kuna sehemu inayoweza kugawanywa na sehemu isiyogawanyika, na hiyo ya pili haijali wingi wa wafanyakazi. Wapishi kumi wanaweza kumenya viazi vya arusi kwa upesi mara kumi, lakini chungu cha pilau kitaiva kwa wakati wake. Ikiwa sehemu isiyogawanyika ni asilimia 10 ya kazi, viini 16 huleta kasi mara 6.4, na hata viini milioni moja haviwezi kuvuka mara 10. Kwa hiyo anayeandika tovuti na programu ndogo za simu hufaidika zaidi kwa viini 8 vyenye mbio kuliko kwa viini 32 vya polepole. Anayekompaili mifumo mikubwa kila siku ndiye mwenye sababu ya kulipia viini 16.

Kwa mfano, kichakataji cha AMD kiitwacho Ryzen 9 9950X, kilichotoka mwaka 2024, kina viini 16 na nyuzi 32, na kiwango chake rasmi cha joto ni wati 170. Ndugu yake mdogo, Ryzen 7 9700X, ana viini 8 na wati 65. Ukubwa wa tofauti hiyo ya wati utaonekana tutakapofika kwenye umeme na hewa. Kwa upande wa Intel, vichakataji vyake vya mezani vya kizazi cha 13 na cha 14 vilipatwa mwaka 2024 na tatizo la kuyumba lililosababishwa na volti kupita kiasi. Kampuni ilitoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo hayafufui kichakataji kilichokwisha kuharibika. Anayenunua cha mtumba cha vizazi hivyo ananunua historia asiyoweza kuisoma.

Kumbukumbu ndiyo mahali ambapo ubahili huumiza. Ikiwa kila uzi unaokompaili unataka GB 2, nyuzi 32 zitataka GB 64, na hapo kivinjari na hifadhidata havijahesabiwa. Kumbukumbu ikijaa, mashine huanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na kichakataji cha bei ghali hukaa bure kikisubiri. Kamba hukatikia pabovu. Aidha, heri kununua vipande viwili vikubwa kuliko vinne vidogo. Kwa Ryzen za mfululizo wa 9000, kasi rasmi ya vipande viwili vya DDR5 ni 5600, na kwa vinne hushuka hadi 3600. Mwenye kupanga kuanza na viwili na "kuongeza baadaye" sharti alijue hilo mapema, hasa kwa kuwa baadaye huenda ikawa ghali: kuelekea mwisho wa 2025 bei za kumbukumbu zilipanda sana, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vya akili unde.

Kuhusu diski maneno machache yanatosha. SSD ya aina ya NVMe ya kizazi cha nne husoma takriban GB 7 kwa sekunde. Ile ya SATA husoma kiasi cha MB 550, na diski ya kuzunguka haifiki hata nusu ya hiyo. Jambo la kuulizia ni uvumilivu wa kuandikwa. Samsung 990 Pro ya TB 1, kwa mfano, imedhaminiwa kwa TB 600 za kuandika, na ya TB 2 kwa TB 1,200. Jambo la kuogopa ni bidhaa bandia zinazotangaza ukubwa zisio nao.

Bodi mama hufanana na bahari ya shairi: mtunzi akisha kuichagua, vina na mizani vimemfunga. Tundu la kichakataji, aina ya kumbukumbu na idadi ya diski vyote huamuliwa nayo. Tundu la AM5 la AMD lilianza mwaka 2022, na kampuni imeahidi kulitegemeza hadi mwaka 2027 na zaidi. Ahadi hiyo ni mali kwa mtu wa Kariobangi, maana anaweza leo kununua bodi nzuri na kichakataji cha wastani, kisha akabadilisha kichakataji peke yake mkopo utakapokwisha. Taa za rangi zinazometameta kwenye bodi hazikompaili chochote.

Kadi ya michoro ni anasa kwa msanidi wa kawaida, maana vichakataji vilivyotajwa vina uwezo wa kuendesha kioo. Hali hubadilika kwa anayeshughulikia akili unde, na wasomi wa Kiswahili wanahusika hapa moja kwa moja. Wanaotaka kufunza mashine kutambua usemi kwa kutumia sauti za Kiswahili zilizokusanywa na mradi wa Common Voice wa Mozilla, au kwa matini za Kencorpus zilizoandaliwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, huihitaji kadi hiyo. Kinachotafutwa ni ukubwa wa kumbukumbu yake kabla ya kasi. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7, kila kimoja kikichukua baiti 2, hutaka GB 14 za kuiendesha tu. Ikibanwa hadi biti 4 kwa kigezo, hutaka GB 3.5. Ndiyo maana RTX 3090 ya mwaka 2020, yenye GB 24, bado inatafutwa kuliko kadi mpya zenye GB 8. Ila inakula wati 350.

Umeme, vumbi na hewa ya Nairobi

Hadi hapa msomaji angeweza kuwa popote duniani. Kuanzia hapa yuko Kariobangi.

Miongozo mingi ya kuunda kompyuta huipa pawa saplai aya moja ya mwisho, kama mgeni aliyechelewa. Katika mtaa ambako mashine za kuchomelea zimeunganishwa kwenye nyaya zizo hizo zinazoingia nyumbani, kipuri hicho kinastahili kuteuliwa mapema kabisa. Kila mchomeleaji anapogusisha chuma, volti hushuka ghafla kisha hurudi juu. Taa hupepesa, nayo kompyuta dhaifu hujizima. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, lakini pawa saplai bora huandikwa "100–240V", maana yake hustahimili mshuko mkubwa bila kubabaika. Zile za bei ya chini zenye kiswichi cha kuchagua 115 au 230 hazina uwezo huo. Anayenunua pawa saplai yenye upana huo amekwisha kujipatia sehemu kubwa ya kazi ya stebilaiza.

Alama ya 80 Plus, mpango ulioanza mwaka 2004, hueleza ni kiasi gani cha umeme kinageuka kazi badala ya joto. Daraja la Gold, kwa umeme wa volti 230, hutaka ufanisi wa asilimia 92 mashine ikiwa nusu mzigo. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu ubora wa kinga dhidi ya hitilafu, ingawa wauzaji hupenda kuichukulia kama cheti cha kila kitu. Mnunuzi apime mkononi: pawa saplai inayodai wati 700 na uzito wake ni kama wa kisanduku kitupu, na iachwe pale pale.

Kisha kuna kukatika kwenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo hali ikajirudia, mbali na zile katizo za mtaa ambazo hazifiki kwenye magazeti. UPS haikusudiwi kumwezesha mtu kufanya kazi usiku kucha, bali kumpa muda wa kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Hesabu yake huwapotosha wengi kwa sababu huuzwa kwa VA, si kwa wati. UPS ya VA 1,000 yenye kipeo cha nguvu cha 0.6 hubeba wati 600 tu. Ikiwa ndani mna betri mbili za volti 12 na Ah 7, nishati yake kwenye karatasi ni Wh 168, yaani zaidi kidogo ya nusu saa kwa mzigo wa wati 300. Kwa kuwa betri za risasi hudhoofu zinapotolewa kwa kasi, mtu asitarajie zaidi ya robo saa. Mwenye RTX 3090 aongeze wati zake na apunguze matarajio.

Jambo jingine ni waya wa erthi. Plagi ya Kenya ina pini tatu, na ile ndefu ya juu imewekwa kwa sababu. Katika nyumba nyingi za kupanga, tundu lipo lakini waya nyuma yake haupo, au mtu amezoea kufungua tundu kwa kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili. Mtu akigusa kasha la chuma na kuhisi mwasho wa umeme, hiyo ni dalili ya erthi iliyokosekana. Fundi wa umeme aitwe kabla ya kipuri chochote kufunguliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya bodi mama moja, seuze ya mkono.

Vumbi la Kariobangi nalo si vumbi la kawaida. Penye mashine za kusaga chuma kuna chembe za chuma hewani, na chembe hizo hupitisha umeme. Zikitua kati ya pini za bodi mama huweza kusababisha shoti. Moshi wa jaa la Dandora nao hufika upepo ukigeuka. Dawa yake ni kupanga feni ili zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazoitoa, na kila tundu la kuingizia liwe na kichujio kinachoweza kuoshwa. Hapo hewa itatoka kwenye nyufa badala ya kuingia kupitia nyufa.

Hewa yenyewe pia ni nyepesi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganishwa na pwani. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, hubeba joto kidogo zaidi huko Mombasa. (Mombasa nayo ina joto, unyevu na chumvi, kwa hiyo watu wa pwani wasianze kujigamba.) Kutokana na hayo, kipoza joto kinachosemekana "kinatosha" kwa wati 170 kichukuliwe kuwa kinabana, hasa chini ya paa la mabati mwezi wa Februari. Njia mojawapo ni kukipunguzia kichakataji cha viini 16 kiwango cha wati katika mipangilio ya bodi mama. Kasi hupungua, lakini si kwa uwiano wa wati zilizookolewa.

Hapa ndipo chuma cha Kariobangi kinapokutana na msimbo wake. Kasha la kompyuta ni sanduku la bati lenye vipimo maalumu. Bodi mama ya ATX, kiwango kilichoanzishwa na Intel mwaka 1995, ina urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244, na matundu ya skrubu zake yako mahali pamoja kwa kila mtengenezaji. Fundi anayeweza kukunja bati la mashine ya chakula cha kuku hashindwi na sanduku hilo, mradi apewe mchoro sahihi na bodi iliyokufa ya kupimia. Faida ni kwamba kichujio kikubwa kinaweza kuwekwa upande mzima, jambo ambalo makasha mengi ya dukani hayana. Masharti ni mawili: kingo zote zipigwe tupa zisikate nyaya wala vidole, na mahali pawa saplai na bodi zinapofungwa pasipakwe rangi, maana rangi huzuia mguso wa erthi. Unyunyu wa chuma uoshwe kabla ya bodi kuingia.

Soko: mpya na mtumba

Katikati ya jiji, maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue huuza vipuri vipya. Baadhi ya wanunuzi huagiza kutoka ng'ambo, na wanaofanya hivyo wakumbuke kuwa VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani inayojumuisha bima na usafirishaji, na kwamba dhamana ya duka la ng'ambo humtaka mteja arudishe kipuri ng'ambo. Mara nyingi bei ya juu kidogo ya Nairobi ni bei ya kuwa na mtu wa kumlilia.

Njia ya pili ni kompyuta za kazi za mtumba, maarufu kama "ex-UK". HP Z440, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, ina matundu manane ya kumbukumbu na hutumia kumbukumbu inayojisahihisha makosa, sifa adimu katika mashine za kawaida. Windows 10 ilipofikia mwisho wa kutegemezwa tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za umri huo ziliachwa nje ya orodha rasmi ya Windows 11, na kwa hiyo ofisi nyingi zilikuwa na sababu ya kuziuza. Msanidi anayetumia Linux hapotezi kitu kwa hilo. Hasara ni kwamba bodi mama na pawa saplai za HP hizo zina maumbo yake zenyewe: kimoja kikifa, cha duka jingine hakiingii. Kwa mwenye bajeti nusu, hata hivyo, Z440 yenye GB 64 humfaa kuliko mashine mpya yenye GB 16 na taa za rangi, na hili halipaswi kuonewa haya.

Mashine ikisha kuungwa, isipelekwe kazini siku hiyo. Kumbukumbu ipimwe kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, na kosa hata moja ni sababu ya kuirudisha. SSD iandikwe hadi ijae kisha isomwe upya, ili ukubwa wake uthibitike. Kichakataji kikompaili kitu kikubwa mfululizo kwa saa kadhaa mchana, wakati mafundi wa jirani wanachomelea, huku joto likitazamwa. Mwishowe plagi ya UPS ichomolewe ukutani kwa makusudi, mashine ikiwa katika mzigo kamili, na dakika zihesabiwe. Haya yote yafanywe ndani ya siku ambazo duka limeandika kwenye risiti, na risiti yenyewe ipigwe picha, kwani wino wa risiti nyingi hufifia kabla ya dhamana kwisha.